Likizo ya Bei Rahisi, Sawa, Lakini Nani Alipika?

Wasee, leo nimekuja kujisema mwenyewe kabla mtu mwingine hajanisema.

Kama umenifuata kwa muda, unaijua ile video yangu ya Agosti 2023: Mombasa, watu wanne, siku tano, 35,000. Ndiyo iliyoniletea wafuasi wengi kuliko zote. Hadi wa leo kuna mtu huniandikia akiuliza ile apatimenti iko wapi na vyakula tulinunua soko gani. Huwa namjibu, lakini kila nikijibu kuna kitu hunikwaruza moyoni. Ile bajeti ilikuwa na uongo ndani. Namba zote zilikuwa za kweli, kila shilingi. Uongo ulikuwa kwa kile ambacho sikukiandika.

Ilianza na kitindamimba wetu. Alikuwa na miaka 8, na alikuwa ameona kwa simu yangu zile resorti za Disney kule ng'ambo, ambapo familia inalala humo humo, watoto wanaamka, wanapiga chai, wanaingia kwa michezo bila kupanda gari. Akaniuliza, "Ya kwetu iko wapi?" Nikamwambia Kenya hatuna Disney, lakini Mombasa kuna slaidi za maji, unapanda ngazi mpaka miguu inatetemeka halafu unaachilia. Basi hapo nikawa nimejifunga. Mtoto wa miaka 8 hasahau.

Na niseme ukweli wote. Mwaka mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimeacha chuo nikiwa mwaka wa pili. Mathe hakunipigia kelele. Alisema tu, "Haya, tuone." Maneno mawili, lakini yalinifuata kila mahali. Kwa hivyo ile safari kwangu haikuwa ya slaidi peke yake. Nilitaka iwe cheti changu. Nilitaka Mathe arudi Kayole awaambie wateja wake, huyu kijana wangu ametupeleka Mombasa na pesa za hiyo simu yake.

Pesa zenyewe zilikuwa 35,000, hakuna bob ya ziada. Nikachukua daftari nikaanza kukata.

Treni kwanza. Wakati huo Madaraka Express daraja la kawaida ilikuwa 1,000 kwa mtu mzima, na mtoto wa miaka 3 hadi 11 analipa nusu. Mathe, mimi na sista (alikuwa 14, kwa hivyo kwa treni ni mtu mzima) pamoja na kale kadogo: 3,500 kwenda, 3,500 kurudi. Apatimenti Bamburi, 4,000 kwa usiku, mara nne, 16,000. Matatu na tuktuk, 2,500. Kiingilio cha kule kwa slaidi siku moja, 4,000. Zikabaki 5,500 za kulisha watu wanne siku tano.

Hapo ndipo nilijiona mjanja. Mkikula hotelini mara tatu kwa siku, 5,500 haimalizi siku mbili. Lakini apatimenti ilikuwa na jiko la gesi, friji na sufuria. Nikaandika kwa daftari, herufi kubwa: TUTAJIPIKIA.

Sasa rudi usome hilo neno polepole. Tutajipikia. Sisi. Sisi akina nani?

Mathe ana kibanda mtaani. Chapati, madondo, ndengu, matumbo, chai ya maziwa. Anaamka saa kumi na nusu alfajiri kukanda unga, na ikifika saa kumi na mbili watu wa mjengo wameshapanga foleni. Anafunga saa mbili usiku. Amefanya hivyo tangu nikiwa darasa la tatu. Huyo ndiye mtu nilimtoa jikoni Kayole, nikampandisha treni karibu kilomita 480, nikamshusha Miritini, nikampeleka Bamburi, nikamkabidhi jiko lingine. Halafu nikaiita likizo.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mathe jembe alipewa jioni ya kwanza, kabla hata ya kuvua viatu.

Na cha ajabu, siku zile sikuona chochote. Niliona tulipokuwa tumerudi, usiku, nikihariri video. Nilikuwa na vipande zaidi ya mia mbili kwa simu. Kitindamimba akikimbia Pirates na mpira. Sista akijipiga picha. Mimi nikiongea na kamera kama waziri wa utalii. Nikaanza kutafuta vipande vizuri vya Mathe niweke mwisho, unajua ile ya kutoa watu machozi. Nikatafuta. Mathe akiosha mchele. Mathe kwa mlango wa jikoni, mgongo tu. Mathe ufuoni amekalia leso, ameshika taulo tatu, viatu vyetu na simu zetu. Sista akikausha vyombo nyuma yake. Hakuna hata kipande kimoja nguo zake zikiwa zimelowa.

Halafu nikafika kipande cha getini.

Ilikuwa siku ya slaidi. Mathe alikuwa ameamka mapema akapika chapati na kuku tubebe, ndiyo tusinunue chakula ndani. Kumbe chakula cha kutoka nje hakiruhusiwi, kitu ambacho ningejua kama ningepiga simu ya dakika moja. Askari akatuonyesha bango. Mimi nilikuwa nimewasha kamera kwa sababu nilitaka kurekodi tukiingia, kwa hivyo sauti zote ziko. Mathe anasema, "Nyinyi ingieni. Mimi nitakaa hapa kwa kivuli na hivi vitu." Kimya kidogo. Halafu unasikia sauti yangu: "Sawa."

Hiyo tu. Sawa.

Kiingilio cha mtu mzima kilikuwa 1,100. Na jioni hiyo, wasee, nilifungua daftari nikaandika: tumeokoa 1,100. Safari ya 35,000 ikawa ya 33,900, na nikajipongeza.

Ile video niliitoa hivyo hivyo. Sikuweka kipande cha getini. Mwisho niliweka jua likichomoza.

Ilinichukua mwaka mzima kumuuliza. Siku moja 2024 nilikuwa namsaidia kufunga kibanda, nikamwuliza tu kama mchezo, "Mathe, ile Mombasa ulifurahia nini zaidi?" Hakufikiria sana. Akasema, "Ile mihogo."

Mihogo. Jioni ya tatu tulikuwa tumeenda Mama Ngina, pale mbele ya bahari ambapo unakaa kwa ukuta unaona meli zikipita karibu kabisa zikiingia bandarini. Nilikuwa nimenunua mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, viazi karai na mishkaki michache, ndiyo ikawa chakula chetu cha jioni. Nikarudi kwa simu nikatafuta. Kweli, kuna kipande kimoja Mathe anacheka mpaka anaegemea sista. Ni pale. Ndio mlo pekee wa safari nzima ambao mtu mwingine alimpikia.

Usiku huo nikaanza kupiga hesabu upya, safari hii nikiweka kila kitu.

Ukitoa ile jioni ya Mama Ngina, Mathe alipika milo 10. Mara watu wanne, ni sahani 40. Kwake sahani inaenda 80, na tuseme nusu ni ya vitu na nusu ni jasho lake. Vitu nilikuwa nimenunua mimi. Jasho la sahani 40 kwa 40 bob ni 1,600, na hiyo ni bei ya Kayole bila kuongeza ya likizo. Kibanda kilifungwa siku tano, na siku ya kawaida anabaki na kama 1,000 mkononi. Hiyo 5,000. Ongeza kiingilio ambacho hakulipiwa, 1,100. Jumla 7,700.

Kwa hivyo ile safari yangu maarufu ya 33,900 ilikuwa ya 41,600. Mimi nililipa yangu, Mathe akalipa hizo zingine, na hakuna mtu alimpa risiti. Mimi ndiye nilipata wafuasi.

Sisemi haya ndiyo unionee huruma. Nasema kwa sababu nimeangalia video nyingi za "likizo ya familia kwa bei rahisi" tangu hapo, na karibu kila moja ina ule mstari. Tutajipikia. Tutabeba chakula. Tutafua wenyewe. Mtoto mdogo atabaki na mtu. Kila ukiona mstari kama huo, uliza mkono ni wa nani. Mara nyingi pesa haikuokolewa. Ilihamishwa tu kutoka kwa mfuko wako hadi kwa mgongo wa mamako. Na hata sio mama tu. Kwetu vyombo vilioshwa na sista wa miaka 14, na mimi mwanaume mzima nilikuwa sebuleni nachaji betri.

Basi nikapanga tena.

Lengo lilikuwa Aprili 2025. Nilifungia pesa kwa M-Shwari, kidogo kidogo, kila duka la mtaani likinilipa nililitengenezea tangazo. Na safari hii swali la kwanza halikuwa tuna pesa ngapi. Lilikuwa, nani anaenda kupumzika? Kitindamimba anataka slaidi. Sista anataka kitanda chake na kulala hadi saa nne. Mathe, nilipomuuliza, alisema hataki kitu. Nikamwambia jibu kama hilo halikubaliki. Akafikiria, akasema, "Nataka kukaa mahali chakula kinakuja." Hiyo ikawa bajeti. Kila kitu kingine kilikatwa ili hiyo ikae.

Hivi ndivyo ilivyoenda, na ukitaka kufuata, fuata hii.

Moja, kata siku, usikate mtu. Badala ya usiku nne za kujipikia tulienda usiku mbili kwa hoteli ya ufuoni yenye slaidi zake, kulala pamoja na chai ya asubuhi na chakula cha jioni. Ukiwa mgeni wa hoteli kama hiyo unavaa bendi ya mkono na slaidi ziko ndani ya bei, hakuna kulipa getini. Lakini uliza, kwa sababu hoteli zingine zinatoza kando.

Mbili, chagua wiki. Desemba, Pasaka na Agosti bei zinapanda kwa sababu Nairobi yote inateremka. Mwaka huo shule zilifungwa mwanzo wa Aprili na Pasaka ilikuwa tarehe 20. Kwa hivyo kulikuwa na ka-dirisha hapo katikati: watoto wako nyumbani, wenye pesa hawajafika, na ni msimu wa mvua hivyo hoteli zinatafuta watu. Tulienda Jumanne tarehe 8 tukarudi Alhamisi. Katikati ya wiki ni rahisi kuliko wikendi.

Tatu, piga simu. Usitosheke na picha na bei ya mtandaoni. Mimi nilipiga hoteli sita nikiwa na orodha ya maswali. Bei ya wakazi wa Kenya ni ngapi? Hiyo bei ina ushuru ndani, ama mtaniongezea asilimia 16 nikifika? Mtoto wa miaka 10 ni mtoto ama ni mtu mzima? Tukilala chumba kimoja cha familia inakuwaje? Slaidi zinafunguliwa kila siku na saa ngapi, ama ni wikendi pekee? Maji ya kunywa yanauzwa ama yapo? Chakula cha mchana ni ngapi, na je, tunaruhusiwa kutoka na kurudi? Hoteli moja ilikuwa ya bei poa sana mpaka nikauliza kuhusu slaidi, wakasema moja tu ndiyo inafanya kazi. Simu ya dakika tatu iliniokolea kilio cha mtoto.

Nne, treni. Tangu Januari 2024 daraja la kawaida ni 1,500, kwa hivyo usitumie zile namba zangu za zamani. Sisi ilikuwa 5,250 kwenda na 5,250 kurudi. Kata tiketi mapema kwa *639#, lipa na M-Pesa, na watu wazima wabebe kitambulisho chenyewe, si picha kwa simu. Fika Syokimau mapema kwa sababu kuna ukaguzi, mizigo inapangwa chini mbwa wanainusa, na treni haingojei mtu. Chukua ya asubuhi ndiyo mwone Tsavo mchana. Na ukifika Miritini utakutana na madereva wa teksi wakikuita "boss", tembea tu polepole, matatu za kuingia mjini zipo.

Tano, weka pesa ya mama kando. Kwa jina lake, na isiulizwe. Niliweka 2,000. Na pia nililipa zile siku tatu za kibanda kufungwa, 3,000, nikampa kabla hatujaondoka, ndiyo asikae ufuoni akihesabu wateja anaopoteza.

Jumla: treni 10,500. Hoteli 13,000 kwa usiku, 26,000. Chakula cha mchana na maji 2,500. Usafiri 3,000. Kibanda 3,000. Pesa ya Mathe 2,000. Dharura 2,000. Inafika 49,000.

Najua. Kuna mtu ameshaandika kwa kichwa chake, "Hiyo 49,000 ndio unaita bei rahisi?" Swali ni halali. 49,000 ni pesa. Ilinichukua miezi mingi. Lakini ile ya kwanza ilikuwa 41,600 ukihesabu kila mtu. Tofauti ni 7,400, na kwa hiyo 7,400 nilipata mama ambaye alienda likizo.

Na kama huna 49,000, na wengi hatuna, hesabu ni ile ile. Punguza hadi usiku mmoja. Nenda siku moja tu mahali pa kuogelea hapo hapo Nairobi, nunua chakula cha watu wote, mrudi jioni. Mkiamua kujipikia, hakuna dhambi, apatimenti ni kitu kizuri. Lakini andika ratiba ya jikoni kabla ya kukata tiketi, na jina lako liwe la kwanza. Jumatatu mimi napika. Jumanne sista. Jumatano tunanunua mahamri na mbaazi nje asubuhi na viazi jioni, Mombasa hivyo si ghali. Mama hayumo kwa ratiba. Kama hujui kupika, jifunze sasa, uko na miezi. Mimi chakula cha treni nilikitayarisha mwenyewe: mayai ya kuchemsha, mkate na parachichi. Mathe alionja akasema chumvi iko mbali. Lakini alikula.

Sasa niwaambie ilikuwaje.

Siku ya kwanza ilikuwa ngumu, sitawadanganya. Mtu ambaye amehudumia watu miaka kumi na tano hajui kuhudumiwa kwa siku moja. Asubuhi saa kumi na nusu alikuwa macho, ametandika kitanda chake na vya watu wengine. Tulipomaliza chai akaanza kukusanya sahani, akazipanga kubwa chini ndogo juu, vijiko ndani ya kikombe. Mhudumu, mama wa rika lake, akaja mbio, akamwambia kwa ile sauti tamu ya Pwani, "Mamangu, wacha, hiyo ni kazi yangu mimi. Wewe pumzika." Mathe akabaki ameshika kikombe hajui akiweke wapi.

Baadaye nikawakuta wawili hao wanaongea. Kumbe dadake huyo mama ana kibanda cha mahamri Kisauni, na Mathe alikuwa anamwuliza nazi wanatia saa ngapi. Ilipofika jioni Mathe alichukua chapati ya hoteli, akaikunja, akaichana, akaiangalia ndani kama daktari. Akasema, "Hii imekandwa na mtu ambaye hajalala." Hakucheka. Kesho yake nikaona ametoa 500 kutoka kwa ile pesa yake isiyoulizwa, akaenda nayo upande wa jikoni. Sikumwuliza.

Kitindamimba aliteleza mpaka akakwaruza viwiko. Sista alilala hadi saa nne kama alivyoahidi. Mathe hakupanda slaidi, na sikumlazimisha. Aliingia kwa bwawa la watoto na dera lake jipya, akakaa chini maji yakamfika kiunoni, akatulia hapo karibu saa nzima akiangalia watoto wa wenyewe. Nguo zililowa.

Jumatano saa nane mchana mvua ikaja, ile ya Pwani ya ghafla, na slaidi zikafungwa. Tukarudi chumbani. Mimi na hawa wadogo tukacheza karata sakafuni. Nikageuka kumwuliza Mathe kitu, nikakuta amelala. Amelala kabisa, mdomo wazi kidogo, mkono chini ya shavu, nje mvua inapiga mabati ya veranda.

Nikiwa na miaka 23, sijawahi kuona mamangu akilala mchana akiwa hana ugonjwa. Hata mara moja.

Mvua ikaisha. Tukasikia slaidi zimefunguliwa, watoto wanapiga nduru. Kitindamimba akaruka, akataka kumwamsha amwambie. Nikamshika mkono. Tukatoka polepole, viatu mkononi, nikafunga mlango bila kupiga kelele. Kamera niliiacha kwa meza. Hicho kipande sina, na sikihitaji.

Alhamisi usiku tulifika Kayole. Kwa mlango wa kibanda ile karatasi aliyoandika sista bado ilikuwa imebandikwa: TUMESAFIRI. TUTARUDI IJUMAA. Mathe aliisoma kama ya mtu mwingine. Nikanyoosha mkono niitoe, akasema, "Iache. Kesho bado haijafika."

Basi ushauri wangu ni huu, na ni mfupi kuliko video yoyote nimewahi kutoa. Kabla hujakata tiketi, andika majina ya watu wote wanaosafiri. Mbele ya kila jina andika saa ambayo huyo mtu atapumzika, na ni nani atakuwa anafanya kazi yake wakati huo. Kukiwa na jina moja halina jibu, bajeti yako haijaisha. Rudi ukate kitu kingine.

Ile video ya 35,000 sijaifuta. Nimebadilisha tu kichwa chake. Sasa kinasema: Mombasa, watu watatu na mpishi.

Wewe niambie, safari yenu ya mwisho nani alipika? Na kama ni wewe uliyepika, pole sana. Tumia kifungua mimba wenu hii posti, usimwandikie neno lolote. Ataelewa.